Rubani Anaposahau

Je, msomaji, umewahi kutoka nyumbani kwako Kondele, ukafika kituo cha matatu, kisha ukasimama ghafla ukijiuliza kama ulizima jiko? Ulikusudia kulizima. Lakini jirani alibisha mlango, mkazungumza, na alipoondoka ukachukua mfuko wako ukaenda zako. Usahaulifu wa aina hii humpata kila mtu mwenye akili timamu. Unapompata rubani wa ndege ndogo anayekaribia kutua katika uwanja wa Kisumu, hana nafasi ya kurudi nyumbani kutazama.

Kumbukumbu iliyo dhaifu

Ubongo una kumbukumbu za namna nyingi. Ipo ya mambo yaliyopita, kama jina la mwalimu wako wa kwanza. Ipo ya ustadi wa mikono, kama kuendesha baiskeli. Kisha ipo ya jambo unalokusudia kulifanya baada ya muda. Hii ya tatu huponyoka upesi, kwa kuwa ni lazima ujikumbushe mwenyewe huku ukishughulikia jambo jingine.

Wataalamu wa shirika la NASA la Marekani waliochunguza kazi ya marubani walieleza kwamba makosa haya hutokea hasa mtu anapokatizwa kazi, anapoahirisha hatua fulani, au anapofanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Tajriba pekee haimkingi mtu. Aliyefanya jambo mara elfu moja huweza kudhani amelifanya leo, kumbe anakumbuka la jana.

Mfikirie rubani aliye peke yake katika ndege ambayo magurudumu yake hukunjwa angani. Anapotaka kuyateremsha, mnara wa kuongozea ndege unamwagiza azunguke kwanza ili ndege kubwa ya abiria kutoka Nairobi itue. Anaanza kuitafuta ndege hiyo kwa macho. Dakika chache baadaye anaruhusiwa kutua, naye anatua kwa tumbo la ndege. Mara nyingi watu hutoka salama katika ajali kama hizo, lakini propela huharibika, na mafuta yakivuja moto unaweza kuzuka. Kusahau kubadilisha tangi la mafuta ni hatari zaidi, maana injini huweza kuzimika ndege ikiwa chini mno.

Hata wakiwa wengi mambo huweza kwenda mrama. Mnamo Novemba 20, 1974, ndege ya Lufthansa aina ya Boeing 747 ilianguka mara tu baada ya kupaa jijini Nairobi. Vibao vya mbele ya mabawa vinavyoisaidia kupaa havikuwa vimefunguka, kwa kuwa vali za hewa ya kuvisukuma ziliachwa zimefungwa. Kati ya watu 157 waliokuwamo, 59 walifariki. Katika chumba cha marubani walikuwamo watu watatu wenye ujuzi.

Mwili nao huchangia

Usahaulifu huongezeka mwili ukiwa na upungufu. Kisumu iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, lakini ndege inayotoka Wilson sharti ipite juu ya milima na kingo za Bonde la Ufa. Ndege nyingi ndogo hazina mtambo wa kuongeza shinikizo la hewa ndani. Kanuni za kimataifa zinataka rubani atumie oksijeni akikaa zaidi ya dakika 30 juu ya futi 10,000, yaani takriban mita 3,000. Oksijeni ikipungua, mtu hujiona yu mzima huku akili ikififia. Mvutaji sigara huathirika mapema zaidi.

Kadhalika, kuna uchovu, njaa, na dawa. Vidonge vya mafua na mizio kama Piriton huleta usingizi na kupunguza umakini. Mefloquine, dawa ya malaria, hukatazwa kwa marubani kwa sababu inaweza kuvuruga akili.

Dawa ni karatasi

Mwaka 1935, ndege ya majaribio ya Boeing ilianguka huko Ohio, Marekani, kwa kuwa kufuli ya usukani wa mkia haikufunguliwa kabla ya kupaa. Rubani wake alikuwa hodari. Kutokana na ajali hiyo marubani walianza kutumia orodha ya ukaguzi, inayosomwa hatua kwa hatua. Akikatizwa, rubani mwangalifu huanza upya.

Madaktari waliiga. Shirika la Afya Duniani lilijaribu orodha kama hiyo ya upasuaji katika hospitali 8, ikiwamo moja ya Ifakara, Tanzania. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba vifo vilipungua kutoka 1.5 hadi 0.8 kwa kila wagonjwa 100.

Wewe ufanye nini?

Ukisafiri kwa ndege ndogo, usimsemeshe rubani anapojiandaa kutua. Maswali yako yangoje hadi ndege isimame.

Nyumbani, ikiwa unameza dawa za shinikizo la damu, kifua kikuu au Ukimwi, usitegemee kichwa pekee. Funganisha dawa na jambo unalolifanya kila siku, kama kupiga mswaki, na utie alama kwenye kalenda baada ya kumeza. Ukiitwa katikati ya kazi, shika mkononi kitu cha kazi hiyo mpaka urudi.

Kusahau ulipoweka ufunguo si ugonjwa. Lakini mzee wako akianza kupotea njia aliyoizoea, au asijue ufunguo ni wa kazi gani, mpeleke akaonwe na daktari. Kwa mkazi wa Kondele, hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wenyeji huiita Russia, haiko mbali. Usingoje hadi ajeruhiwe na gari barabarani ndipo umpeleke.