Mfereji Unaojificha Ndani ya Gego

Gego la kwanza la juu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi. Kwa kawaida lina mizizi mitatu: miwili upande wa shavu na mmoja upande wa kaakaa. Mtu angedhani basi kwamba lina mifereji mitatu ya kupitisha neva na mishipa ya damu. Sivyo. Kwa watu wengi, mzizi wa mbele ulio upande wa shavu una mifereji miwili, na huo wa pili ni mwembamba mno, tena mdomo wake mara nyingi umefunikwa na ukingo wa dentini, ile sehemu ngumu ya ndani ya jino.

Hapo ndipo matatizo huanzia. Daktari akitibu jino kwa kuitoa neva, akasafisha mifereji mitatu na kuiziba vizuri, wa nne ukabaki na bakteria, mgonjwa anaweza kurudi baada ya miezi kadhaa akilalamika kwamba jino linamuuma anapotafuna. Wengi hushangaa: neva si ilishatolewa? Maumivu hayo hutoka kwenye mfupa na nyama zinazoizunguka ncha ya mzizi, ambako uchafu wa mfereji uliosahaulika huvujia.

Utofauti huu wa mifereji umejulikana kwa zaidi ya miaka 100. Mwaka 1917, Walter Hess wa Zurich, Uswisi, alichapisha matokeo ya kazi ya subira kubwa: alijaza mpira ndani ya maelfu ya meno yaliyong'olewa, akaugandisha, kisha akayayeyusha meno yenyewe. Kilichobaki mkononi kilikuwa umbo la mifereji, yenye matawi kama mizizi ya mti. Mwaka 1984 Mmarekani Frank Vertucci alichunguza meno 2,400 na kuipanga mifereji katika aina nane. Baadhi huanza mmoja na kugawanyika, mingine huanza miwili na kuungana kabla ya kufika nchani.

Asili ya watu nayo ina nafasi yake. Nchini China na Korea, gego la pili la chini mara nyingi huwa na mifereji iliyoungana ikawa ufa uliopinda mfano wa herufi C. Gego la kwanza la chini lenye mzizi wa tatu huonekana sana Asia Mashariki, ilhali Afrika ni nadra. Ndiyo maana tafiti za hapa kwetu, kama zilizofanyika Uganda kwa magego yaliyong'olewa, zina thamani kubwa: daktari asitegemee vitabu vya kwingine peke yake.

Eksirei ya kawaida husaidia, ila hulaza kila kitu bapa, na mfereji mmoja ukaufunika mwingine. Daktari makini hupiga picha ya pili akiwa ameusogeza mtambo pembeni kidogo, na mifereji iliyofunikana huachana. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 ipo pia mitambo inayozunguka kichwa na kutoa picha ya pande tatu, inayoonyesha jino vipande kwa vipande. Miale yake ni mingi kuliko ya eksirei ya kawaida, kwa hiyo hutumika pale tu picha ya kawaida isipotosha.

Kwa hiyo daktari akiomba kukupiga picha nyingine kutoka pembe tofauti, usidhani anakupotezea fedha. Na jino lililotibiwa likiendelea kuuma, kabla hujakubali ling'olewe, muulize kama kuna mfereji uliobaki.