Nyuzi za DNA na swali la Kasulo

Mwaka 2014 kobalti iligunduliwa chini ya nyumba za Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, usio mbali na Ziwa Nzilo. Wakazi wakachimba uani, wengine hata sebuleni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji waliwapima watu 72 wa mtaa huo, 32 kati yao wakiwa watoto, na mwaka 2018 wakachapisha matokeo: mkojo wa watoto hao ulikuwa na kobalti nyingi zaidi, pamoja na dalili nyingi zaidi za DNA iliyooksidika, kuliko wa watoto wa mtaa jirani.

Lakini kipimo cha mkojo hakionyeshi seli inavyohangaika kunakili DNA iliyojeruhiwa. Hilo huonekana kwa hadubini. Seli hai hulishwa kemikali inayofanana na kijenzi kimoja cha DNA, baada ya nusu saa hivi hupewa ya pili. DNA hutolewa, kisha kioo huchovywa ndani yake na kuinuliwa polepole, nyuzi zikajinyoosha juu yake. Mbinu hiyo ilianzia kwa watafiti wa Ufaransa mwaka 1994. Nyuzi zikipakwa rangi, kipande kilichonakiliwa kwanza hung'aa kwa nyekundu, kinachofuata kwa kijani. Maikromita 1 ni takriban jozi 2,000 za besi, basi urefu wa kijani ukigawanywa kwa dakika hutoa kasi ya unakili: kwa binadamu, kama jozi 1,000 hadi 2,000 kwa dakika. Seli yenye shida mara nyingi hupunguza mwendo.

Kupima nyuzi mamia kwa jicho kunachosha, na jicho hupenda zile ndefu, zilizonyooka. Ndiyo maana programu zinachukua kazi hiyo. Hufanya kazi haraka, hazichoki. Ila programu hujifunza kwa picha zilizowekewa alama na watu: waliowahi kuruka nyuzi fupi wameifundisha nayo kuziruka. Baya zaidi, uzi uliokatika hufanana na ulionakiliwa polepole. Bila rangi ya tatu inayoonyesha kuwa DNA inaendelea mbele ya kijani, kompyuta itapima ukatikaji na kuuita ucheleweshaji, tena kwa desimali tatu.

Kwa hiyo siku ukiambiwa kompyuta imepima madhara ya kobalti kwenye seli, uliza kwanza nyuzi zilizokatika ziliondolewaje, na kama aliyeweka alama alijua kioo kipi kilikuwa na DNA ya seli zilizopewa kobalti.