Ramani na dira: elimu ndogo inayokuokoa Mlima Elgon

Ukivuka Suam kila wiki, Mlima Elgon unakuwa kama ukuta wa nyumba ya jirani: upo, na huutazami. Tangu barabara ya Kapchorwa hadi Suam iwekwe lami, safari imekuwa fupi na baadhi yetu tumeanza kuupanda siku ambazo hakuna soko. Mwandishi wa makala haya ni mmoja wao, na nusura alale huko juu.

Tulikuwa kundi la watu wa pande zote mbili, Kitale na Kapchorwa. Tuliingia kwa lango la Chorlim upande wa Kenya, gari likatufikisha lilipoweza, kisha tukatembea hadi kilele cha Koitoboss, mita 4,222. Wakati wa kushuka, mimi na mama mmoja anayeuza vitunguu tulibaki nyuma tukifunga kiatu chake kilichoachia soli. Ukungu ukashuka. Tulikaa kwenye uwazi wa ukingo, migongo tukiupa upepo, na tulipoinuka tukafuata mteremko wa kwanza tuliouona.

Ukingo una miteremko miwili. Mmoja unakwenda mashariki, kwenye gari. Mwingine unaingia ndani ya kaldera, lile bakuli kubwa la volkano, kuelekea chemchemi za maji moto za Suam na mpaka wa Uganda. Tulishuka ule wa pili kwa karibu saa nzima. Mama akasema tufuate maji, kwa sababu kwao maji humfikisha mtu nyumbani. Kwa miteremko ya nje ya mlima huenda ana haki. Ndani ya kaldera maji yote yanatafuta tundu moja tu la kutokea, korongo la mto Suam, na korongo lile si njia ya mtu mwenye kiatu kimoja. Kiongozi wetu alirudi kututafuta kwa filimbi, akatukuta tunaelekea magharibi. Mfukoni mwangu kulikuwa na dira. Sikuwa nimeitoa hata mara moja, maana sikujua kuitumia.

Haya ndiyo niliyojifunza baadaye, na yote yanaweza kufunzwa kwa siku mbili.

Anza na ramani ya karatasi yenye skeli ya 1:50,000. Hapo sentimita 2 ni kilomita 1, na kila mraba wa gridi ni kilomita moja kwa moja. Mistari ya rangi ya kahawia ni ya mwinuko: kila mstari unapita mahali penye kimo kilekile. Tofauti ya kimo kati ya mstari na mstari imeandikwa pembeni mwa ramani, isome kwanza. Mistari ikibanana, ni mteremko wa kukuvunja magoti. Ikiachana, ni tambarare. Mikunjo yake ndiyo inayowachanganya wengi: ncha ya mkunjo ikielekea kwenye mlima, hilo ni bonde, na aghalabu kuna mto. Ncha ikielekea chini, huo ni mgongo wa kilima. Laiti ningelijua hilo tu, ningegundua mapema kwamba bonde tulilomo halipo upande wa gari.

Dira nzuri ya kutembelea ina kibao cha plastiki cha uwazi, kiduara cha digrii 360 kinachozunguka, na sindano. Weka ubavu wa kibao kwenye ramani, kutoka ulipo hadi unakokwenda, mshale wa kibao ukielekea unakokwenda. Zungusha kiduara hadi mistari yake ya ndani ilingane na mistari ya gridi ya kaskazini, alama ya kaskazini ikiwa juu ya ramani. Sasa inyanyue dira, ishike bapa kifuani, na ugeuke mwili mzima hadi ncha nyekundu ya sindano iingie kwenye alama yake. Mshale wa kibao unakuonyesha njia. Chagua jiwe au mti ulio kwenye mstari huo, uufikie, kisha urudie. Usitembee macho yakiwa kwenye dira, utatumbukia.

Katika nchi za mbali, walimu hutumia muda mwingi kueleza tofauti kati ya kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani. Kwetu Elgon tofauti hiyo haifiki digrii 3, na mwanafunzi anaweza kuisahau. Tatizo letu ni jingine: dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya huinamisha sindano ikifika karibu na Ikweta, ikagusa kibao na kukwama. Kabla ya kulipa, ilaze bapa mkononi dukani na uone kama sindano inaelea huru. Na usiishike karibu na simu yenye kifuniko cha sumaku, wala kile kipochi cha fedha cha kiunoni chenye kifungo cha sumaku ambacho nusu yetu tunakivaa.

Simu je? Ni nzuri, ikiwa na chaji na ramani uliyopakua mapema. Lakini ramani nyingi za zamani zilizochapishwa Kenya na Uganda zilipimwa kwa mfumo uitwao Arc 1960, nazo simu hutumia WGS84. Ukichukua namba za simu na kuziweka juu ya ramani hiyo bila kubadilisha mfumo, utajikuta umekosea kwa takribani mita 300. Kwenye uwanja wa soko hiyo ni hatua chache. Kwenye ukingo wa kaldera, ni upande mwingine wa mlima.

Jua nalo lisikudanganye. Saa sita mchana hapa liko karibu utosini. Mwezi Juni linapita kaskazini, Desemba kusini.

Muda uhesabu kama unavyohesabu nauli. Mskoti William Naismith alitoa kanuni mwaka 1892 ambayo bado inatumika: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza dakika moja kwa kila mita 10 unazopanda. Kilomita 5 zenye mwinuko wa mita 600 ni saa mbili. Juu ya mita 3,500, pumzi ikiwa fupi, mimi huongeza nusu ya muda huo tena.

Jambo la karatasi pia, maana sisi tunalijua kuliko wapandaji wengine. Mpaka unapita mlimani, hakuna kizuizi wala askari wa forodha pale, lakini kuvuka bila ruhusa ni kosa lilelile la Suam. Anayetaka kupita kutoka hifadhi moja hadi nyingine apange mapema na KWS na UWA, pasipoti igongwe muhuri, na upande wa Uganda aandamane na askari wa hifadhi.

Yule mama alinunua dira yake wiki iliyofuata. Aliijaribu wauzaji watatu kabla ya kulipa, na akapunguziwa bei.