Kimyanga: kwa nini dawa ya dukani haiponyi mpunga

Msikilizaji, majani ya mpunga yakiwa na michirizi ya njano, shina likadumaa na masuke yakatoa mapepe, wengi hapa Chimala na Usangu hukimbilia duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu. Kama ni kimyanga, fedha hiyo imepotea. Kimyanga huletwa na kirusi, na hakuna dawa ya kupulizia inayokiponya.

Kirusi hiki kilionekana kwa mara ya kwanza mwaka 1966 karibu na Kisumu, Kenya. Ni kidogo mno: ukivipanga 30,000 kwa mstari, havizidi milimita moja.

Umbo lake limejulikanaje?

Ipo hadubini ya elektroni inayotumia baridi kali. Maji yakiganda taratibu hufanya chembe za barafu zinazopasua vitu, kama baridi ya Makete inavyobabua majani ya viazi. Lakini yakipozwa ghafla, kufumba na kufumbua, huwa kama kioo. Kirusi, bakteria au seli iliyomo hubaki na umbo lake. Hupigwa picha nyingi za pande zote, kisha kompyuta huziunganisha. Kwa kazi hiyo, Jacques Dubochet, Joachim Frank na Richard Henderson walipata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2017.

Mwaka 2000 watafiti walichapisha umbo la kirusi cha kimyanga lililopatikana kwa njia hiyo: ganda moja lililobana sana, lenye vipande 180 vya protini. Ndani yake mna maelekezo ya kujizalisha tu. Kirusi hakili wala hakikui chenyewe. Hutumia seli za mpunga wako. Ndiyo maana dawa ya ukungu haina cha kuua.

Ufanye nini shambani?

Kimyanga hakienezwi na mbegu. Hubebwa na mbawakavu wanaotafuna majani, mikono, mundu, mifugo na masalia ya mpunga. Kwa hiyo:

- Ng'oa mapema mashina yenye dalili, uyachome au uyafukie.
- Osha mikono na mundu kabla ya kuingia jaruba jingine.
- Safisha magugu mitaroni, na ng'oa maotea baada ya mavuno.
- Usichukue miche kwenye kitalu chenye dalili.
- Ulizia mbegu zinazostahimili kimyanga.

Njano huweza pia kutokana na upungufu wa mbolea. Kabla hujatoa fedha, mwite afisa ugani aone shamba.