MWINDAJI AKIUA MNYAMA ASIYEMKUSUDIA

Leo napenda kuzungumza nanyi juu ya jambo liwezalo kumpata hata mwindaji mwema. Mtu ana kibali cha kuwinda swala pala dume. Pala dume ana pembe, jike hana. Jua lachwa, kichakani aona kitu kama pembe, naye apiga. Akifika akuta zile pembe zilikuwa matawi makavu, na aliyelala chini ni jike anyonyeshaye. Afanyeje?

Katika Tanzania, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda ila kwa kibali, na kibali hutaja aina ya mnyama na hesabu yake. Jike yule hakuwamo. Kwa hiyo nyama na ngozi yake si mali ya mwindaji. Akizichukua, aweza kushitakiwa tena kwa kukutwa na nyara za Serikali.

Wengi huingiwa na hofu, wakafukia mzoga usiku. Hapo bahati mbaya hugeuka kuwa hila. Shauri langu ni hili: auache mzoga pale pale, aende upesi kwa afisa wanyamapori, aeleze yote. Kusema kweli hakuondoi kosa, na huenda akaadhibiwa. Lakini aliyekosea akaungama si sawa na aliyeficha.

Hata hivyo, ungamo halimrudishii mtoto wa pala mama yake. Basi, usiyemtambua vema, usimpige.