Kompyuta Kuukuu Si Kompyuta Mfu

Mnamo Oktoba 14, 2025, kampuni ya Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10, mfumo endeshi iliouzindua mwaka 2015. Hatua hiyo iliwatia kiwewe wazazi waliojinyima mengi ili watoto wao wapate kompyuta nyumbani. Wachuuzi nao hawakosi wa kuwashawishi kwamba mashine hizo zimekufa na kwamba dawa ni kununua nyingine. Nionavyo, ushauri huo wafaa kupimwa kabla ya karo ya muhula kugeuzwa kipakatalishi.

Mfumo endeshi ndio unaoamsha kompyuta, kuhifadhi faili na kuziwezesha programu nyingine kufanya kazi. Huduma yake ikikoma, mashine haizimiki. Huendelea kuwaka kama jana, ila nyufa za usalama zinazogunduliwa baadaye hazizibwi tena. Anayeitumia kuingia katika akaunti yake ya benki huwa sawa na mtu aliyelala mlango wazi: huenda asiibiwe leo, lakini amewarahisishia wezi kazi.

Je, kwa nini basi tusihamie Windows 11? Mfumo huo, uliotolewa mwaka 2021, una masharti makali. Hudai chipu ya usalama ya TPM 2.0, kumbukumbu ya gigabaiti 4 na, kwa kompyuta nyingi zenye prosesa za Intel, kizazi cha nane au cha baadaye. Hapo ndipo penye kisa chetu. Kompyuta nyingi zilizomo majumbani mwetu ni mitumba iliyotumiwa kwanza katika afisi za ng'ambo, kama zile zinazouzwa Luthuli Avenue jijini Nairobi. Mathalani, HP EliteBook 840 G3 ina prosesa ya kizazi cha sita. Ni mashine imara, lakini imefungiwa nje. Ndugu yake G5, mwenye kizazi cha nane, anakaribishwa. Kwa hivyo anayenunua mtumba asiulize bei tu, aulize na kizazi.

Wenye mashine zilizofungiwa nje wana njia kadhaa. Ya kwanza ni muda wa nyongeza: Microsoft ilitangaza kwamba watumiaji wa nyumbani wangeweza kujiandikisha na kupata marekebisho ya usalama hadi Oktoba 13, 2026. Huko ni kuahirisha jambo, si kulimaliza. Ya pili ni macOS, mfumo tulivu na wa kupendeza, lakini umefungamana na kompyuta za Apple, ambazo bei yake si ya kila mfuko. Ya tatu ni ChromeOS Flex ya Google, iliyo nyepesi na isiyolipiwa. Hata hivyo, kazi zake nyingi hutegemea intaneti, na kwa nyumba inayonunua data ya siku kwa siku, kila insha ya mtoto itakuwa na gharama yake.

Ya nne ni Linux, iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi nchini Finland. Ina matoleo mengi. Ubuntu, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Kwa aliyezoea Windows, naona Linux Mint ndiyo inayofaa zaidi, kwani menyu yake haimpotezi mgeni. Hailipiwi, hutosheka na gigabaiti 2 za kumbukumbu ingawa 4 ni bora, na huja na Firefox ya kuvinjari pamoja na LibreOffice ya kuandikia barua na kupiga hesabu.

Haki inatudai tutaje dosari zake pia. Microsoft Office ya kompyuta na Photoshop hazikuundwa kwa Linux. LibreOffice hufungua nyaraka za Word, lakini mpangilio wa ukurasa huweza kuvurugika. Printa nyingine hugoma, na si kila fundi mtaani anaufahamu mfumo huu. Mhasibu ambaye programu yake hufanya kazi kwenye Windows pekee asihame. Lakini mwanafunzi anayeandika insha, kutazama masomo na kusoma vitabu hatapungukiwa na kitu.

Iko njia nyingine, nayo ni ya hatari: nakala za wizi zinazopachikwa kwa mia chache. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inazilinda programu za kompyuta, na isitoshe, nakala ya namna hiyo huweza kuja na virusi ndani yake. Kuziba ufa kwa tope la mwizi si kuziba.

Kabla ya kununua lolote, mzazi na ahifadhi faili zake pembeni, kisha aweke Linux Mint kwenye flashi na kuiwasha kutoka humo. Itafanya kazi bila kufuta chochote kilichomo kwenye kompyuta. Ajaribu sauti, printa na intaneti kwa siku kadhaa. Ikimfaa, aisakinishe, isipomfaa, achomoe flashi na kurudi alikokuwa bila hasara.

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kompyuta ya nyumbani haikununuliwa iwe mpya, ilinunuliwa ifanye kazi. Maadamu ingali inaiweza kazi hiyo kwa usalama, fedha za kununua nyingine na zilipe karo.