Kiti cha Mwene: Falme ni za Namna Ngapi?

Neno "mfalme" hutamkwa upesi, kana kwamba wafalme wote ni wa namna moja. Sivyo. Yuko mfalme ambaye neno lake ni sheria, tena yuko mfalme asiyeweza kuongeza kodi hata kwa senti moja. Ukitaka kuwatofautisha, usitazame taji. Uliza hivi: ni nani awezaye kumwambia mfalme huyu "hapana"? Na ili kujifunza hayo, twende kwanza Ufipa.

WAGENI WA MILANSI

Wazee wa Ufipa husimulia kwamba hapo kale mwene wa nchi alikaa Milansi, chini ya mlima Itweleele. Siku moja alikwenda kuwinda, akamwonya mkewe: wageni wakija, usiinuke katika kiti changu. Wageni wakaja kweli, wanawake watatu. Mke yule akashikwa na hofu, akainuka, na mkubwa wa wale wanawake akaketi. Mwene aliporudi alikuta kiti kimekwisha kaliwa. Basi wakapatana: wageni watawale nchi, naye abaki na Milansi, na mlima wake, na heshima ya matambiko.

Kwa wageni hao ndiko wasemako ulikotoka ukoo wa Watwachi, ambao baadaye uligawanyika katika falme mbili, Nkansi na Lyangalile. Wilaya ya Nkasi, yenye makao yake Namanyere, ingali na jina la ufalme ule wa kwanza.

Hadithi hii yatuonyesha kwamba hata zamani Wafipa hawakuweka mamlaka yote katika kiti kimoja. Mmoja alitawala, mwingine alishika mambo matakatifu ya nchi. Tena huko chini, katika vijiji, watu wenyewe walimchagua mkuu wa kijiji chao, na akiwachosha waliweza kumwondoa. Basi mwene alikuwa mkubwa, lakini hakuwa peke yake.

NAMNA ZA UFALME

Kwanza, uko ufalme usio na mpaka, ambamo mfalme hutunga sheria na kuifuta. Mwaka 1973 Mfalme Sobhuza II wa Uswazi aliifuta katiba ya nchi yake na kuvipiga marufuku vyama vya siasa. Nchi hiyo, iitwayo sasa Eswatini, ilipata katiba nyingine mwaka 2005, lakini sehemu kubwa ya madaraka imebaki mikononi mwa mfalme.

Pili, uko ufalme wa katiba. Mfalme ni kichwa cha nchi, lakini Bunge na mawaziri ndio watawalao. Huko Uingereza kila sheria hupata idhini ya mfalme, lakini mara ya mwisho kwa mtawala kukataa mswada wa Bunge ilikuwa mwaka 1708, zamani za Malkia Anne.

Tatu, uko ufalme wa kuchaguliwa. Katika Malaysia watawala tisa wa majimbo humchagua mmoja wao awe mfalme kwa miaka mitano. Hata Baba Mtakatifu, aliye mtawala wa dola ya Vatikani, hakirithi kiti chake, bali huchaguliwa na makardinali.

Nne, uko ufalme wa mila tu. Serikali ya Uganda iliufuta ufalme wa Buganda mwaka 1967, ikaurudisha mwaka 1993. Kabaka ana heshima na watu wake, lakini hana madaraka ya kutawala nchi.

MWENE CHINI YA BOMA

Wajerumani walipokuja na kujenga boma lao Bismarckburg, yaani Kasanga, kando ya Ziwa Tanganyika, na baadaye Waingereza walipotawala kwa kuwatumia machifu, kiti cha mwene hakikuondolewa. Lakini mwenye kukikalia sasa alijibu kwa nani? Kwa Bwana D.C. Alikusanya kodi kwa ajili ya serikali, na serikali iliweza kumwondoa. Ndiyo kusema, ile "hapana" ilitoka mikononi mwa watu ikaenda bomani. Kiti kilikuwa kile kile, lakini ufalme ulikwisha badilika.

Na msishangae, Tanganyika nzima nayo ilikuwa ufalme wa katiba kwa mwaka mmoja. Tangu Uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, mpaka siku ile ile ya mwaka 1962 ilipokuwa Jamhuri, kichwa cha nchi alikuwa Malkia Elizabeth II, akiwakilishwa na Gavana Jenerali Richard Turnbull. Mwaka 1963 sheria ikafuta pia utawala wa machifu.

JE, NA SISI?

Huenda msomaji wa Sumbawanga atasema: hayo yamepita, sisi hatuna mfalme. Kweli. Lakini viti havijaisha. Kila kijiji kina mwenyekiti, na mkutano mkuu wa kijiji hupaswa kukutana kila miezi mitatu, watu wasikie mapato na matumizi yao. Usipokwenda, umemwachia mwenzako kiti bila mpaka, naye atakizoea. Mke yule wa Milansi aliinuka kwa hofu. Sisi mara nyingi twainuka kwa uvivu tu.